Marejeo ni Ngamani: Mwongozo Kamili wa Kufufua Mashua Kuukuu Lamu

Mashua ya mbao yenye miaka 20 au 30 bado ina maisha mbele yake, mradi mwenyewe ajue pa kuanzia. Ninachokiona mara nyingi ufukweni Shela na Amu ni pesa kwenda mahali pasipofaa. Msimu wa wageni ukimalizika na akiba kidogo ikabaki, mwenye chombo hununua mashini kubwa zaidi, turubai jipya la kivuli na mito ya rangi. Chini ya hiyo mito, ubao wa kwanza juu ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo, chini kabisa) unavuja usiku kucha na baharia hana usingizi, yuko na upo mkononi akifua maji. Wazee walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: nenda nyuma au mbele ya chombo, mwisho utarudi tumboni mwake, chini yanakokusanyika maji. Kwa chombo kikongwe, huo ndio mpangilio wa kazi wenyewe. Shilingi ya kwanza iende chini ya maji, inayofuata iende kwenye usukani, mlingoti na tanga. Mashini na umeme vije mwisho.

Maelezo haya ni ya mashua ya mbao yenye tanga moja, urefu wa mita 7 hadi 12 hivi, ile inayotembeza watu Manda, Takwa na Kipungani, au kuwachukua safari ya siku kadhaa hadi Pate na Kiwayu. Mwenye jahazi anaweza kufuata mpangilio huu huu, ila ajitayarishe kwa watu wengi zaidi na gadi (miti ya kuegemezea chombo) nzito zaidi.

Panga majira kabla ya kumwita fundi

Kusi huanza Aprili na huendelea hadi Septemba au Oktoba, na kati ya Juni na Agosti bahari ya nje huwa nzito. Masika nayo hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, ndipo mashua inapotakiwa kazini. Wengi hungoja chombo kikae bure Mei, ndipo wakianze. Mimi sikubaliani nao: mbao zimelowa maji ya mvua, rangi haikauki, na kalafati (pamba ya kuziba maungio) inayotiwa kwenye mbao zilizovimba hulegea mbao zikikauka.

Afadhali ukague Aprili mwanzoni, kazi ya wageni inapomalizika. Papo hapo agiza mbao, uziweke kivulini chini ya paa la makuti, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite kati yake. Zitakauka polepole miezi hiyo yote ya mvua bila kupasuka. Kazi kubwa ya useremala ifanywe Septemba na Oktoba, kusi inapolegea na mvua ni chache. Novemba iwe ya tanga, rangi na majaribio.

Kupandisha chombo: soma mwezi vizuri

Wengi hupoteza wiki nzima kwa kutosoma mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Kwetu Lamu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 au 11 alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Kwa hiyo bamvua hukupa asubuhi nzima hadi baada ya adhuhuri ya kufanya kazi chini ya chombo.

Jiulize kwanza kazi ni ya kupwa moja au ni ya siku nyingi. Ikiwa ni kusugua, kupiga moto na kutia deheni (mafuta ya kupaka chini ya chombo) tu, pandisha siku ambazo maji bado yanaongezeka kuelekea bamvua. Maji ya kesho yatakuwa makubwa kuliko ya leo, na mashua itaelea yenyewe. Ikiwa unabadilisha taruma (mbavu za chombo) au mbao, pandisha bamvua ikiwa kileleni. Maji yakianza kupungua kuelekea maji mafu (maji madogo ya kujaa na kupwa), chombo kitabaki mkavu hadi bamvua ijayo, wiki mbili baadaye.

Kuna hadhari moja hapa. Bamvua za mwezi wa Machi na wa Septemba, usiku na mchana vinapolingana, ndizo kubwa kuliko zote. Ukipandisha mashua juu kabisa ya ufuo siku hizo, bamvua inayofuata huenda isiifikie. Septemba, acha nafasi: usiupite mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji ya bamvua iliyotangulia.

Kabla ya kupandisha, toa farumi yote, yaani mawe na magunia ya mchanga ya kutuliza chombo, toa nanga, masanduku na kila kizito. Chombo kikongwe kikikaa nchi kavu na uzito ndani, mgongo hujipinda na maungio yote hufunguka. Chagua mchanga mgumu usio na mawe, na mkuku ulale sawasawa urefu wote. Gadimu pande zote mbili maji yakiwa bado yanashuka, usingoje chombo kianze kulala. Kila gadi iegemee mahali penye taruma kwa ndani. Gadi iliyoegemea ubao mtupu kati ya taruma mbili huusukuma ubao ndani. Weka kipande cha ubao mpana chini ya mguu wa kila gadi usizame mchangani.

Ukaguzi: kisu, nyundo na chaki

Ngoa sakafu yote. Osha ngama kwa maji ya bahari mpaka uone rangi ya mbao. Sasa pita na kisu chenye ncha, nyundo ndogo na chaki, uanzie omo kwa ndani, uishie tezi, kisha urudie kwa nje. Mbao nzima hujibu nyundo kwa sauti kali. Mbovu hutoa sauti nzito isiyovuma. Penye shaka choma kwa kisu. Kikizama bila nguvu na kikatoka na unga, weka alama ya kukata. Piga picha kwa simu kila alama, maana fundi akija baada ya siku tatu mtabishana kuhusu kilichoonekana wapi.

Mahali pa kuanzia ni pale taruma zinapokaa juu ya mkuku, kwa sababu uchafu huziba vijia vya maji na ngama hukaa na maji yaliyosimama. Kisha kitako cha mlingoti, mahali unaposimama juu ya mkuku. Uzito wote wa tanga huishia hapo. Kisha ubao wa kwanza na wa pili kutoka mkuku, pande zote mbili. Kisha fashini (nguzo za ncha mbili za chombo) za omo na tezi, na mbao za tezi palipofungwa mashini. Mwisho angalia chini ya sitaha ndogo za omo na tezi, kwenye pembe zisizopata hewa.

Hapo penye pembe ndipo maji ya mvua hukaa, na maji ya mvua ndiyo yanayoozesha. Chumvi huzuia kuvu ya mbao, maji matamu huilisha. Kwa hiyo mashua ikitia nanga wakati wa masika, funika kwa turubai lililoinuliwa katikati ili hewa ipite chini yake, na kila baada ya mvua kubwa mwagia maji ya bahari ndani, uyafue. Wakati wa kaskazi, jua linapopasua mbao za juu, mwagia maji ya bahari asubuhi na jioni. Ni kazi ya ndoo tu, haina gharama, na huongeza miaka kwa chombo kuliko kopo lolote la rangi.

Kwa nje, tafuta matundu madogo, mengine membamba kiasi cha kupitisha sindano. Huyo ni mtoboaji wa bahari. Watu humwita mdudu au funza, lakini ni wa jamii ya chaza: huingia akiwa mdogo sana, kisha hukua ndani akifuata urefu wa ubao, na ganda lake dogo la kichwani ndilo patasi yake. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umebaki mifereji mitupu. Ukiona matundu mengi mahali pamoja, usitegemee macho. Toboa kwa keke mahali pawili au patatu, uone kinachotoka. Matundu ya kujaribia huzibwa baadaye kwa vijiti vya mbao vilivyochovywa mafuta.

Angalia misumari pia. Mduara mweusi kuzunguka kichwa cha msumari maana yake kutu imekula chuma, na kutu hiyo imeanza kuula ubao. Jaribu kuizungusha michache kwa koleo. Ikikatika kirahisi upande mzima, mashua imebaki ikishikwa na mazoea yake tu, na itabidi kupigilia misumari mipya kabla ya lolote.

Baada ya hapo keti na fundi mhesabu. Kama nusu ya taruma ni mbovu na mkuku umepinda, mwambie akueleze bila kukuficha: unajenga mashua mpya kwa njia ndefu. Kama mkuku ni mzima na taruma nyingi zinashika, endelea. Weka kando fungu la pesa kwa yatakayoonekana baada ya ubao wa kwanza kung'olewa. Hakuna chombo kikongwe kisichoficha jambo.

Taruma na mbao

Matondoni bado ndiko kwenye mafundi wanaojenga kwa tezo na kwa macho, bila ramani. Mfuate fundi kwao, umwalike kwa heshima aje akitazame chombo kwanza, mbali na habari za bei. Ukianza na "Fundi, utanifanyia kwa ngapi?" atakupa bei ya mashua asiyoijua, na nyote wawili mtajuta.

Taruma hutaka mti uliojipinda wenyewe, nyuzi za mti zifuate mpindo. Mlilana na mkomafi hutoa vipande vizuri vya namna hiyo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini haikatwi ovyo: hakikisha mti unaouziwa umekatwa kwa kibali cha Kenya Forest Service. Kwa mbao za ubavuni, mbambakofi na mvule hudumu sana. Mwembe hupatikana kwa urahisi na huchongeka vizuri, ila hauvumilii maji ya mvua, kwa hiyo usiutumie sitahani.

Badilisha taruma moja moja. Usitoe mbili zinazofuatana kwa wakati mmoja, umbo la mashua litapotea na halitarudi. Pale taruma ya zamani isipotoka bila kuvunja ubao, weka taruma pacha ubavuni mwake, uikaze kwenye mbao na kwenye ya zamani, na uache kijia cha maji chini yake. Kijia hicho husahaulika sana, na ndicho kinachoamua kama taruma mpya itaishi miaka 20 au 5.

Unapotia kipande kipya cha ubao, mwisho wake usiangukie kwenye taruma ile ile uliko mwisho wa ubao wa jirani. Acha nafasi ya taruma tatu angalau. Viungo vikipangana mstari mmoja, mashua huvunjika hapo hapo siku ya mawimbi.

Misumari iwe ya chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto, yenye ngozi nene ya kijivu iliyofifia. Ile inayong'aa ya dukani imepakwa zinki nyembamba na haimalizi miaka mingi baharini. Toboa kwanza kwa keke, tundu liwe jembamba kuliko msumari. Zungushia uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa, pigilia, kisha kunja ncha kwa ndani. Usirudie tundu la zamani. Lizibe kwa kijiti cha mbao na utoboe pembeni. Wapo wanaoshauri chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho huhitaji hewa ili kijilinde. Kikizikwa ndani ya ubao uliolowa maji ya chumvi, huliwa kwa siri bila hata kuonyesha wekundu. Na usichanganye shaba na misumari ya zinki katika ubao mmoja, maana maji ya bahari yatavitumia viwili hivyo kama betri na zinki ndiyo itakayoliwa.

Kalafati

Fundi wa mbao na fundi wa kalafati mara nyingi ni watu wawili, na ni vyema iwe hivyo. Kalafati ni kazi ya mkono unaosikiliza.

Toa pamba yote ya zamani kwa ndoana ya chuma, polepole, bila kuumiza kingo za ubao. Ungio zuri huwa wazi kidogo kwa nje na kufumba kwa ndani, ili pamba isipenye na kuangukia ngamani. Chovya pamba katika sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi, isokote iwe kamba laini, unene ulingane na ungio. Pigilia kwa patasi pana isiyo kali na nyundo ya mbao: kwanza ingiza kwa vitanzi vidogo, kisha rudi ukikaza. Nyundo itakuambia: mwanzo sauti ni ya chini, pamba ikishika sauti hupanda. Hapo simama. Mtu mwenye nguvu nyingi na papara huendelea kupiga, na mashua ikirudi majini mbao zikavimba, pamba iliyozidi husukuma ubao hadi kung'oa misumari. Chombo kikongwe hutaka mkono mwepesi kuliko kipya, kwa sababu misumari yake imechoka.

Juu ya pamba paka rangi ya kwanza, kisha jaza kwa mchanganyiko wa chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama), au kwa lami laini ya dukani inayobaki kunyumbuka. Usitumie gundi inayokauka na kuwa ngumu. Mbao hutembea kila siku, na ungio gumu hupasuka.

Usishangae mashua ikivuja siku ya kwanza majini. Acha maji ya kujaa yaingie na kutoka mara kadhaa ingali kwenye gadi, mbao zinywe. Siku ya pili au ya tatu uvujaji unatakiwa kupungua waziwazi. Usipopungua, weka alama ndani palipo na mchirizi, ungojee kupwa, uufungue ungio huo tu.

Moto na deheni, au rangi ya sumu

Kuna njia mbili za kumzuia mtoboaji, na kila moja hufaa mtu wake.

Ya kwanza ni ya wazee. Chombo kikiwa mkavu, sugua majani na maganda yote, kisha pitisha mwenge wa makuti makavu chini yake, haraka, bila kusimama mahali pamoja. Unatafuta joto la kumuua aliye karibu na uso wa ubao na la kukausha ngozi ya mbao, hutafuti kuchoma. Ubao ukianza kuwa mweusi umechelewa. Kabla ya kuwasha, ondoa mashini, tangi na kila kibuyu cha petroli, na weka ndoo za maji na mchanga uliolowa pande zote mbili. Usikae na moto juu ya maungio yaliyojazwa mafuta. Uso ukiwa bado na joto, paka deheni ya shahamu na chokaa, ipenye. Kazi hii hurudiwa kila mwezi au miezi miwili, na anayeweza kupata kupwa na makuti bure hana njia ya bei nafuu kuliko hiyo.

Ya pili ni rangi ya chini ya maji yenye oksidi ya shaba. Hii hudumu kwa miezi mingi, lakini hutaka ubao uliokauka, rangi ya msingi, na vichwa vya misumari vifunikwe vizuri kwa rangi ya lami kabla shaba haijapakwa, kwa sababu ile niliyoitaja ya shaba na zinki. Usipige moto tena juu yake. Moshi wake ni sumu. Mabaki unayosugua yakusanye kwenye turubai, yasibaki mchangani watoto wanapocheza na kaa wanapokula.

Kuna jambo moja ninaloliomba kwa dhati: usifunike mashua kuukuu ya mbao kwa faiba. Muuzaji atakuambia hutavuja tena. Kwa muda itakuwa kweli. Lakini mbao za kupangwa hutembea na faiba haitembei. Itapasuka mahali usipopaona, maji yataingia yasitoke, na mashua itaoza ndani ya ganda linalong'aa. Anayetaka chombo kisicholiwa na mtoboaji ajenge kwa kitu kingine tangu mkuku, kama walivyofanya mafundi wa Lamu waliounda Flipflopi, dau la mita 9 la plastiki iliyorejelewa, lililosafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mwaka 2019.

Usukani, mlingoti na tanga

Toa usukani wote, uweke chini, tazama rumada (bawaba zinazoushika usukani). Shimo lililolegea na kuwa la yai maana yake usukani unapigapiga kila wimbi, na siku moja utachomoka kwenye mlango wa bahari wa Shela bila wewe kujua. Badilisha rumada zote pamoja, na funga kamba ya akiba kutoka usukani hadi chomboni.

Mlingoti uangaliwe mahali pawili: pale boriti ya kati inapoushika, na kwenye tundu la roda (kapi) juu kabisa. Nyufa za kufuata urefu wa mti si hatari kubwa. Ufa unaokata mti kwa upana ni wa kutupa mti. Foromali (mti unaobeba tanga) nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja, kwa hiyo fungua vifungo na uvifunge upya kila mwaka. Kamba huonekana nzima kwa nje huku ndani zimekuwa unga.

Kuhusu kamba, henza na jarari (kamba za kutwekea tanga) ziwe za polista, haivutiki sana na haichoshwi upesi na jua. Kamba ya nanga iwe ya nailoni, maana huvutika na kupunguza mshtuko, na kipande cha mnyororo kiwe mwanzoni ili isikatwe na mwamba. Ile kamba ya plastiki inayoelea, ya bei rahisi kila duka, ifungie ndoo tu. Jua la Lamu huimaliza, nayo hunasa kwenye propela za wenzako. Urefu wa kamba ya nanga uhesabu kwa maji ya kujaa. Ukitia nanga kwenye mita 3 maji yakiwa yamepwa, bamvua itakuletea mita 6, na mara tano ya hapo ni mita 30. Upepo ukikaza, ongeza.

Tanga la pamba lina umbo zuri na hushonwa kwa urahisi, lakini likifungwa na unyevu huota ukungu kwa siku chache. La polista halioti ukungu kirahisi hivyo, adui yake ni jua. Lo lote utakalochagua, likitoka kazini lifunikwe. Ukishona upya, tumia uzi wa polista mnene, na ongeza vipande vya mardufu kwenye pembe, hasa ya demani (kamba ya kuvutia tanga) na ile ya mbele inayoelekea joshi (upande wa upepo). Tanga la zamani lililovutika tumbo humfanya nahodha adhani mashua yake haibishi, yaani haiwezi kwenda kuelekea upepo. Mara nyingi mashua haina kosa.

Mashini na umeme

Mashua ya mita 8 majini haitazidi maili 6 au 7 za baharini kwa saa, hata ukiifungia mashini ya 40. Umbo lake halipandi juu ya maji. Mashini ya nguvu za farasi 15 huisukuma vya kutosha kupita mkondo, na uzito wake hauizamishi tezi. Shafti iwe ndefu, kwa kuwa tezi ya mashua iko juu. Ubao wa kuifungia ushikwe kwa bolti zinazopita hadi ndani, na ubao wa pili nyuma yake.

Kila siku mashini ikiwaka tazama mchirizi wa maji ya kupoozea. Ukikoma, zima papo hapo. Jioni iendeshe dakika chache katika maji matamu kuosha chumvi. Mafuta ya giya yakitoka meupe, maji yameingia na sili ya shafti imekwisha. Kwa mashini ya mchanganyiko soma kibao chake. Nyingi hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli.

Umeme, anza na hesabu ndogo. Taa tatu za LED za wati 2 kila moja kwa saa 10 ni wati-saa 60. Redio ikisikiliza usiku kucha ni kama 50. Simu mbili ni 30. Jumla 140. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 50 ina wati-saa 600, lakini tumia nusu yake tu ikiwa unataka idumu. Paneli ya wati 50 kwa jua letu itarudisha matumizi hayo kwa siku. Huhitaji zaidi ya hapo. Betri ikae juu ya ngama na ifungwe isipinduke, fyuzi iwe karibu nayo kabisa, na nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati. Gesi ya kupikia isiwekwe ndani ya chombo kilichofunikwa. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka ngamani na kungoja cheche. Seredani (jiko la makaa) juu ya sanduku la mchanga ni salama zaidi.

Kabla ya abiria

Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na ya watoto yawe ya ukubwa wao. Taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, nyeupe nyuma. Redio ya VHF iwe kwenye chaneli 16. Ndoo mbili imara pamoja na pampu, kwa sababu pampu huziba. Kisha mwite mkaguzi wa Kenya Maritime Authority, chombo kikiwa kimetengenezwa vizuri kiasi cha kukionyesha bila kuficha kitu.

Majaribio

Safari ya kwanza ifanyike bila abiria, ndani ya mlango kati ya Amu na Shela, farumi ikiwa nusu. Tweka tanga upepo ukiwa mdogo. Mtu mmoja akae ngamani na tochi mashua ikilala upande, maana ungio linalovuja kwa kulala halionekani chombo kikiwa kimesimama. Bisha pande zote mbili. Kama usukani unakuvuta mkono sana kwa sababu chombo kinataka kugeukia upepo, sogeza farumi kidogo kidogo kuelekea tezi kabla ya kulaumu tanga.

Safari ya pili nenda Takwa maji yakijaa, au zunguka Kipungani, ulale huko, na asubuhi pima maji ya ngama kwa kijiti. Andika kipimo hicho na tarehe. Safari ya tatu ndiyo ya kutoka nje, kati ya Shela na Ras Kitau. Hapo usitoke maji yakiwa yanatoka huku kusi inaingia, kwa sababu mkondo na upepo vikipingana mawimbi husimama na kuvunjika mlangoni. Ngoja maji yatulie. Nje kaa saa moja au mbili, rudi ungali mchana, pandisha kupwa inayofuata, na pitisha nyundo upya kwenye kila ubao na kila msumari mpya. Vilivyolegea vikaze wakati fundi bado yuko mjini.